Mbwa Ana Mwenyewe

Siku Mshenga alipoua bata, msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja. Upande wa kulia mistari ilikuwa imelala vizuri kama shamba lililopaliliwa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa bado zimesimama zikingoja zamu yao. Mteja alikaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya msusi, pale kibarazani mwa nyumba ya kupanga, na baba mkwe wa msusi alikuwa pembeni kwenye kiti chenye mikono, mahali alipomweka tangu asubuhi ili apate hewa.

Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Hakuna aliyemwona akijichomoa. Walichosikia ni kelele za bata upande wa bomba na mabawa yakipiga ndoo, kisha Mshenga huyo akatokea katikati ya uwanja, masikio yake marefu yakining'inia, bata mweupe kinywani.

"Mshenga," msusi akaita. "Mshenga, acha. Njoo hapa."

Mbwa hata hakugeuka. Alikuwa mbwa wa kuwinda, mwenye kifua kipana na pua isiyolala, na pua hiyo ikishashika jambo lake, masikio yanabaki mapambo tu. Akamlaza yule bata chini taratibu, kama anayeweka mzigo wa watu, akaenda kumtafuta wa pili.

Hapo ndipo mzee akajaribu. Alikuwa amewinda tangu ujana wake, na mbwa huyu alimlea mwenyewe kabla hajafumbua macho, akamfunza kwa sauti na mluzi hadi akawa anaitika kutoka ng'ambo ya bonde. Jina la Mshenga alimpa kwa sababu hutangulia mbele na kurudi na habari, kama mshenga wa posa. Lakini kiharusi kilikuwa kimempiga mwanzoni mwa mwaka, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na ulimi. Mwanawe alipokwenda kumchukua kwa lori, mzee aling'ang'ania mlango kwa mkono uliobaki, akakataa kupanda mpaka mbwa apandishwe kwanza.

Sasa akajishika kwenye kiti kwa mkono huohuo, akafungua kinywa kilichopinda, akasukuma pumzi. Ilitoka sauti nzito isiyo na neno ndani yake.

"Mmbaaa."

Mshenga akasimama. Akageuka, akainamisha kichwa upande, kama mtu aliyesikia jina linalofanana na lake. Akamtazama mzee. Kisha akarudi kwa bata.

Mteja akacheka. Hakukusudia ubaya, na mara moja alijifunika mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka na mzee alikuwa amekisikia. Kiharusi hakikugusa masikio yake.

Mwenye nyumba akaja na ufagio. Alikuwa mjane mwenye mwendo wa haraka, na wale bata aliwapenda kuliko wapangaji, maana bata, alikuwa akisema, hawakopi. Alimfukuza mbwa, akawainua marehemu wake wawili kwa miguu, akaja nao hadi kibarazani.

"Haya, mke wa dereva. Niambie mwenyewe."

"Nisamehe, mama. Kamba imekatika. Nitakulipa."

"Kamba." Mwenye nyumba akamtazama mzee, kisha akamrudia msusi, kana kwamba kile kiti kilikuwa kitupu. "Mbwa ana mdomo wa kuua, mwenyewe hana mdomo wa kuita. Hiyo kamba itasaidia nini? Mwezi huu ukiisha, sitaki kumwona mbwa huyu hapa."

Walikubaliana kwamba msusi atamsuka bure hadi bata wengine wakue. Mwenye nyumba akaondoka na wafu wake. Msusi akamfunga mbwa upya, akaosha mikono, akarudi kwenye ile nusu ya kichwa iliyobaki. Mzee alikuwa anatazama magoti yake.

*

Jioni dereva alipiga simu kutoka safarini. Msusi alikuwa anasonga unga, basi akaiweka simu juu ya kabati na kufungua spika, na maneno ya mumewe yakajaa chumba kizima, hadi kitandani kwa mzee.

"Mimi nilijua tu," dereva alisema. "Mbwa wa porini umweke kwenye nyumba ya kupanga? Sasa sikiliza. Kuna mlinzi wa ghala la mbao, tunafahamiana. Anatafuta mbwa. Nitamwambia aje amwone."

"Na baba?"

"Baba kafanyaje?"

"Mbwa ni wake."

"Mke wangu, baba hata uji hajilishi. Mbwa atamlishaje? Wewe ndiye unayehangaika. Nakutua mzigo, na wewe unauliza."

Ilikuwa kweli, na msusi alishindwa kukanusha. Ni yeye aliyemtoa mbwa asubuhi kabla ya wateja, yeye aliyemwokota kupe, yeye aliyefagia manyoya yaliyochanganyika na nywele za watu. Wateja wawili walishahamia kwa msusi wa barabara ya pili kwa kuogopa mbwa. Moyoni mwake, mbwa akiondoka, atapumua.

"Haya," akasema. "Mwambie aje."

Alipogeuka na sahani ya mzee, alimkuta ameelekea ukutani. Alimwita, hakugeuka. Na kesho yake, wakati wa yale mazoezi aliyoagizwa na muuguzi, ya kuuinua mkono mzima na kuutumia kuuvuta ule mgonjwa, mzee aliiacha mikono yote miwili ilale mapajani, mzima na mgonjwa sawasawa.

*

Mlinzi alikuja akiwa amevaa koti la kazi lililofika magotini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichuchumaa, akamnyooshea mbwa mkono ili anuse, akamtazama meno, akafunua sikio moja na kunusa ndani.

"Masikio yanaoza haya," alisema. "Mbwa mwenye masikio yaliyolala hapati hewa humu ndani. Pangusa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha ukaushe. Usiingize kijiti."

Kisha akaomba mbwa afunguliwe. Wakafunga lango. Mlinzi akamwacha Mshenga azunguke, halafu akamwita. Mbwa alikuwa ameinamia kitu karibu na bomba na hakuinua uso. Msusi akamwita. Hakuna kitu. Akaita kwa hasira, akapiga makofi, hata sufuria akaigonga. Bata waliobaki walipiga kelele bandani kwao, mwenye nyumba akachungulia dirishani, na mbwa akaendelea kunusa kama fundi aliyekodiwa kwa kazi hiyo.

"Ni mbwa mzuri," mlinzi akasema. "Lakini simchukui hivi. Kule malori yanaingia na kutoka. Mbwa asiyekuja akiitwa atakanyagwa wiki ya kwanza, na mimi sitaki damu ya mbwa wa watu. Mfundishe kuja. Mwisho wa mwezi nitarudi."

"Nimfundishe mimi? Mimi ni msusi, kaka."

"Kwani kusuka ulizaliwa unajua?"

Akaaga. Alipopita kibarazani alimpa mzee mkono wa kushoto, maana aliona ndio wa mzee unaofanya kazi, akamwambia shikamoo. Mzee akaushika ule mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Basi msusi akaanza kumfundisha mbwa ili apate kumwondoa. Aliomba maini ya mabaki kwa muuza nyama, akayachemsha, akayakatakata vipande vidogo kama punje za mahindi na kuyaanika. Alinunua kamba ndefu ya kuanikia nguo. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, alimfunga mbwa kwenye kamba hiyo, akamwacha aende mpaka iishe, kisha akaita. Akija, anapata kipande cha ini. Asipokuja, anavutwa polepole.

Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Mbwa alikuja alipotaka, na mara nyingi hakutaka. Watoto waliokwenda shule walisimama langoni kutazama. Mwenye nyumba, akipiga mswaki, alikuwa na ushauri kila asubuhi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Mvunje moja, atasikia."

"Ahsante, mama."

"Si mimi ninayesema. Ni wahenga."

Asubuhi moja Mshenga alinasa harufu chini ya lango akakataa kabisa. Msusi aliita mpaka koo likakauka. Hatimaye mbwa alikuja mwenyewe, akitikisa mkia, na msusi, ambaye hasira zilikuwa zimempanda hadi utosini, akampiga kofi la pua. "Nikikuita uje. Umesikia?"

Kibarazani kukasikika ngo, ngo, ngo. Mzee alikuwa anagonga mkono wa kiti kwa vifundo vya vidole. Macho yake yalikuwa yamemkazia msusi, makali, macho ambayo hakuwahi kuyaona tangu mzee aletwe.

"Nini, baba? Maji?"

Ngo. Mzee akamwonyesha mbwa kwa kidole. Akajipiga kofi dogo puani, akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha ini mkononi mwa msusi.

Msusi alisimama na kamba yake. Ilimchukua muda. "Amekuja," akasema taratibu. "Amekuja, mimi nikampiga. Kwa hiyo kesho hatakuja."

Mzee akaegemea kiti na kufumba macho, kama mtu aliyetua gunia.

Tangu hapo msusi hakumpiga tena, hata mbwa alipochelewa kiasi cha kumtia mtu wazimu. Alimpa ini na kumkuna chini ya kidevu, huku akimwambia kwa sauti ya upole matusi ambayo angemtamkia binadamu angefungwa jela. Mbwa hakujua tusi, alijua sauti. Na kila alipokosea, kiti kiligongwa. Akavuta kamba kwa ghafla: ngo. Akaita mara nyingi mfululizo mpaka jina likawa kelele tu: ngo, ngo. Akapatia, kiti kilikaa kimya, na alianza kukisikiliza kile kimya kama mwanafunzi anayengoja alama.

Jambo lenyewe hasa lilitokea kazini. Alikuwa anamsuka mama mmoja mwoga, kitana amekibana kwa meno na uzi umemzunguka vidole, ndipo Mshenga akanyanyuka aje kumnusa yule mama miguu. Msusi hakuweza kusema kitu. Mkono mmoja ulikuwa umeshika nywele. Akauinua ule mwingine, ule wa kugawa ini kila asubuhi, kiganja wazi, kama anayesimamisha gari.

Mbwa akaketi.

Msusi akakitoa kitana mdomoni. Akamtazama mbwa, akamtazama mkono wake. Kisha akamtazama baba mkwe wake, na mzee alikuwa ameshaona. Mkono wa kushoto, ambao kwa siku zote zile ulikuwa ukifanya kazi ya kugonga tu, ulikuwa umeinuka kutoka kwenye kiti, kiganja wazi.

"Dada, mbona umeacha?" mteja akauliza.

"Nakuja, mama. Subiri kidogo. Nakuja."

*

Kuanzia hapo wakawa wawili. Msusi alimshusha mzee na kiti chake hadi uwanjani, mfuko wa maini ukakaa mapajani mwa mzee, na ishara zikawa zake. Kiganja wazi, keti. Kiganja kuelekea chini, lala. Mkono kuvutwa kifuani, njoo. Mwanzoni mkono ulichoka haraka na ishara zilitoka nusu nusu, mbwa akawa anainamisha kichwa asielewe. Msusi alisimama nyuma ya kiti na kuzirudia kwa mkono wake mwenyewe, mpaka mbwa akajua kwamba ni lugha moja. Muuguzi alipopita na kuuliza kama mazoezi yanafanyika, msusi alimwonyesha uwanjani.

Kutunza nako kukabadilika. Alijua sasa kwamba mbwa wa namna hii asipotumikishwa pua yake huchimba, hulia, huua bata. Alifunga kipande cha ngozi kwenye uzi, akakiburuta kuzunguka uwanja na kukificha nyuma ya pipa, na Mshenga akakifuata kwa furaha mpaka akakipata, akakipeleka kwa mzee. Baada ya kazi hiyo alilala mchana kutwa chini ya kiti, na wateja wakamruka tu. Masikio yaliacha kunuka. Mwenye nyumba aliacha ushauri, ila bado alitazama. Siku moja, bila kuombwa, aliwatoa bata wake wakapita, akasimama na ufagio tayari. Mbwa alitetemeka mwili mzima, mate yakamtoka. Mkono wa mzee ulikuwa juu, kiganja chini, na mbwa alibaki chini mpaka bata wa mwisho alipoingia bandani.

"Hm," alisema mwenye nyumba, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na msusi alikuwa hataki kuufikiria. Alikuwa anaosha vyombo siku moja, akajikuta anapanga namna ya kumwambia mlinzi kwamba mbwa ameshindikana. Akaona haya. Mtu amefanya kazi ya watu wazima mwezi mzima, halafu aseme imeshindikana.

*

Mlinzi alirudi siku ambayo dereva naye alikuwa nyumbani. Dereva alikuwa na haraka ya kumaliza jambo. Alishamkaribisha mlinzi kiti na soda na kuanza kumsifu mbwa ambaye mwenyewe hakuwa amemwona kwa wiki kadhaa.

"Twende tukamjaribu," alisema. Akatoka uwanjani, akapiga mluzi, akaita. Mshenga, aliyekuwa mbali kwenye pipa, alimtazama mara moja tu. Dereva akaita tena. Uso ukaanza kumwiva.

"Ngoja," msusi akasema.

Mzee alivuta mkono kifuani. Mbwa akaja mbio moja kwa moja, masikio yakipepea, akasimama mbele ya kiti. Kiganja wazi, akaketi. Kiganja chini, akalala. Dereva alisimama pale na midomo yake bado imechongoka kwa mluzi.

"Nani amemfundisha?" mlinzi akauliza.

"Sisi," msusi akajibu.

Mlinzi akatikisa kichwa polepole. "Mbwa wa namna hii sijapata kumwona. Huyu namtaka hata leo."

"Ni wako," dereva akasema upesi. "Tulishapatana. Nitakutafutia na kamba."

"Mtu hapatani juu ya cha mwenziwe," msusi akasema. Hakupaza sauti. Mumewe akamgeukia, na msusi akaona kwamba atalazimika kulimaliza alilolianza. "Mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe amekaa hapo. Hakuna aliyemuuliza. Wewe hukumuuliza, na mimi sikumuuliza. Tulikuwa tunaongea juu ya mbwa wake, yeye yumo chumbani, kama kabati."

"Sasa atajibu nini? Unajua hawezi—"

"Muulizeni kwanza."

Ni mlinzi aliyesogea. Alichuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yake yakawa sawa na ya mzee, akavua kofia.

"Mzee," alisema, "nimempenda mbwa wako. Nikipewa, nitamtunza, nina banda, nina chakula. Lakini ni wako. Unanipa?"

Mzee alimtazama mlinzi. Alimtazama mwanawe. Kinywa kikaanza kuhangaika, upande mmoja ukivuta, mwingine ukikataa. Shingo ikamtoka mishipa. Dereva hakuweza kuvumilia, akasema, "Baba, basi, usijisumbue," na msusi akamshika mkono kumnyamazisha.

"Ha," mzee akasema. Akapumzika. Akalamba midomo. "Ha... pa... na."

Mwenye nyumba, aliyekuwa anasikiliza kutoka bombani, aliacha maji yajae mpaka yakamwagika.

Dereva aligeuka, akaenda hadi langoni, akasimama pale akiwa amewapa mgongo. Tangu mwaka uanze hakuwa amesikia neno kutoka kwa baba yake. Mlinzi akavaa kofia yake na kusimama, na usoni mwake hakukuwa na kinyongo.

"Amesema," akasema. "Akizaa watoto na jike lolote, mnikumbuke."

Ikabaki shauri la mwenye nyumba. Msusi alimfuata bombani, maneno ya kubembeleza yakiwa tayari mdomoni, lakini mwenye nyumba hakumpa nafasi. Alikuwa anafunga bomba kwa nguvu zaidi ya ilivyotakiwa.

"Unanitazama nini? Mimi nilisema mbwa asiyesikia aondoke. Huyu anasikia. Mfunge mchana, mtoe asubuhi bata wangu wakiwa ndani. Na nywele zangu hizi," akashika kichwa, "zimeshaanza kufumuka."

*

Baada ya hapo nyumba ikaingia taabu ya aina nyingine. Mzee alikuwa na neno moja, na alilitumia kwa kila kitu. Uji? Hapana. Kuoga? Hapana. Muuguzi alimwomba atembee mpaka mlangoni akaambiwa hapana, ingawa alitembea. Dereva alipompigia simu kumsalimu, akamuuliza kama anamfahamu anayesema naye, alijibiwa hapana, na alicheka huko aliko mpaka akaegesha lori. Siku hizi alikuwa akipiga kila jioni, na alikuwa anataka kusema na baba kwanza.

Asubuhi moja msusi alikuwa amechuchumaa kibarazani na bakuli la maji ya chumvi, kichwa cha Mshenga kikiwa kimelala kwenye goti lake. Alipangusa sikio la kwanza, akalikausha, akaanza la pili. Mzee alikuwa anamtazama, kitambaa kingine kikiwa mkononi mwake, tayari kumpa. Wateja walikuwa bado.

"Baba," alisema bila kuinua macho, "siku ile nilimwambia aje. Kwenye simu. Ulinisikia. Nilitaka mbwa aondoke." Akakamua kitambaa. "Sasa niambie ukweli. Mimi ni mkwe mbaya?"

Mzee hakujibu.

Msusi alingoja. Alipangusa pale alipokwisha kupangusa. Kimya kikawa kirefu, hata akaanza kujuta kwa nini ameuliza, na akahisi macho yanamwasha. Mwishowe akainua uso, akamwona. Ule upande mmoja wa kinywa, upande mzima, ulikuwa umeinuka, na mabega yalikuwa yanatikisika. Mzee alikuwa anamcheka. Alikuwa amekawia makusudi.

"Hapana," akasema, safari hii bila kulikata vipande, akamnyooshea kitambaa kikavu.